Sola ya Bahiya na Maziwa ya Darmi

Jenereta aliyotumia Bahiya katika duka lake la kuchapa ilikuwa na kelele nyingi kuliko kazi. Akichapa barua moja tu ya chifu, Garsen nzima inajua, na moshi unakwenda moja kwa moja kwa Darmi, mama wa Kiorma aliyeuza maziwa kibarazani pake. Wateja wakionja wanakunja uso: yananuka petroli! "Hayanuki," alisema Swaleh, kakake Bahiya. Jenereta ilikuwa yake, na petroli akiuza yeye. Hakimu yeye, mshitakiwa yeye!

Mradi wa misaada uliokuja na mafuriko ya El Nino ulipofungasha virago, Bahiya akanunua kwao kibao cha sola na betri, kikawekwa juu ya paa la kibaraza. Swaleh alicheka mpaka akakohoa.

"Nakupa mpaka Ijumaa baada ya swala. Nikikuta kompyuta imelala, jenereta inarudi, na huyo mama atafute ukuta mwingine."

Jumatatu mambo safi. Jumanne pia. Jumatano saa nne asubuhi kompyuta ikazima, barua ya kijana wa Kulesa ya kuomba kazi ikapotea yote. Alhamisi haikuwaka kabisa. Bahiya alikagua waya, akapangusa betri, akasoma dua. Jua lilikuwa linachoma vilevile. Akaketi, machozi yakimlengalenga. Darmi angekwenda wapi na vibuyu vyake?

Ndipo alipoona nzi wanapanda paani, wengi. Bahiya ni mfupi, mambo ya paani si yake, lakini alikokota kiti akapanda. Lahaula! Kibao kizima kimefunikwa nyama, vipande vyembamba, vimepangwa safu safu.

"Darmi! Nyama ya nani hii?"

"Yako," alijibu Darmi kwa haya. "Nyirinyiri. Tangu juzi mimi nakaushia wewe, zawadi. Wewe umeondoa moshi. Hiki kioo iko na moto mzuri, na mbwa hafiki."

Bahiya alitaka kukasirika, kicheko kikamwahi. Shukrani ya punda ni mateke. Ya Darmi ilikuwa nyama, na teke lake bado lilipiga! Alipomweleza kwamba kioo kile kinakula jua, Darmi alishika kichwa.

"Wallahi, mimi nimeua kazi yako!"

Nyama ikateremshwa. Darmi mwenyewe akasugua kioo kwa kitambaa chake cha kufutia vibuyu, na kompyuta haikuguswa mpaka jua likatua, ili betri ishibe.

Ijumaa Swaleh akatokea na kanzu yake nyeupe, jenereta ikimfuata juu ya mkokoteni. Akakuta printa inatema karatasi. Akaketi. Darmi akamwekea chai ya maziwa, na nyirinyiri iliyokaangwa kwa samli.

Swaleh akanywa. Akakitazama kikombe, akaitazama jenereta.

"Kumbe yalikuwa yananuka," akasema, akasogeza kikombe kiongezwe.