Mitungi ya Wifi

Nikimsifu wifi yangu, watu husema najipendekeza, kwa sababu kaka yangu kamuoa na kaunta ya baa yake naisimamia mimi. Waseme tu. Mdomo wangu hauna kufuli, na angekuwa mpishi mbovu ningekuwa wa kwanza kumtangaza.

Baa yenyewe ni chumba kimoja kirefu kati ya kinyozi na duka la vipuri. Bia utapata, lakini watu wanafuata chakula: mishikaki ya kuku ya Kijapani, tambi za supu, na mapishi ya Kikorea ambayo wifi aliyajifunza alipokuwa akiwapikia mafundi Wakorea kambini kwao. Wateja humwita Shefu. Walianza kwa utani, sasa ni heshima. Siku moja nilimwona anamnyang'anya mteja bakuli la supu, eti haikuwa na moto wa kutosha. Mteja kashika huku, yeye kashika kule!

Sifa yake kubwa ni kimchi, kabichi anayoipaka chumvi, pilipili, saumu na tangawizi, kisha anaishindilia kwenye mitungi ya udongo na kuiacha ichachuke kwa miezi. Ikikomaa anatangaza siku ya kufungua mitungi. Siku hiyo anaipika mchuzi mzito na mbavu, na mtaa mzima unahamia kwetu.

Mtu mmoja tu hajawahi kuonja, naye ni mama yetu. Tangu baa ifunguliwe, mama anapita mlangoni, anasalimia, anakwenda zake. "Mke wa mwanangu anapika vitu vinavyonuka," huwaambia majirani. Wifi hajawahi kulalamika. Kila siku ya mitungi anamtengea mama bakuli, na kila mara nalila mimi. Tamu, lakini linaniuma.

Safari hii, siku ya mitungi ilipokaribia, wifi akamwendea mwenyewe. "Mama, njoo unisaidie kukata mboga. Mkono wako siupati kwa mtu mwingine." Mama akakubali. Wifi alifurahi akaimba jikoni siku nzima, na sauti hana, jamani.

Asubuhi ya siku ya mitungi wifi alikuwa sokoni kutafuta samaki, mimi niko mbele napokea kreti za bia. Mama akaingia kwa mlango wa nyuma. Nilipokwenda uani, nikakuta mitungi yote imepinduliwa juani, inang'aa, inanukia sabuni.

"Mna bahati nimewahi," mama akasema, anajifuta mikono. "Vitu vimechacha mpaka vinatoa povu! Mlitaka kuua watu? Nimemwaga vyote, na mitungi nimeisugua."

Yarabi! Nilishika kichwa. Maneno niliyokuwa nayo mdomoni si ya kumwambia mzazi. Kabla sijafungua kinywa, wifi akaingia na kapu la samaki. Akaitazama mitungi. Akaitazama mikono ya mama. Kisha akanikanyaga mguu, na alinikanyaga kweli.

"Ahsante, mama," akasema. "Umechoka. Kaa kwanza unywe chai."

Wifi akaingia stoo, nikamfuata. Nilimkuta ameegemea rafu, machozi yanamtiririka.

"Niache nikamwambie!" nikasema.

"Maji yakimwagika hayazoleki, wifi. Ukimwambia ataona aibu, na hatakanyaga hapa tena. Mitungi nitajaza mingine. Mama nitamtoa wapi?"

Nikamwambia ni mjinga. Akacheka huku analia, akanawa uso, akarudi jikoni.

Kumbe kuna kimchi ya kuliwa siku hiyohiyo, mbichi, isiyongoja mtungi. Wifi akaagiza kabichi, akaziloweka kwenye chumvi, akamkabidhi mama kisu. Mama akakata, akakamua, akachanganya na pilipili mpaka viwiko vikawa vyekundu. Wifi akimwomba aonje, anajibu, "Chumvi naijua kwa vidole." Mbishi, mama yangu! Lakini walikuwa wanapiga soga, bega kwa bega, na hilo sikuwahi kuliona.

Jioni watu wakajaa. Fundi cherehani wa jirani, mteja wetu mwenye kelele kuliko wote, akagonga meza. "Shefu! Mchuzi wa mitungi uko wapi? Tangu asubuhi sijala!"

Wifi akatoka mbele na aproni yake. "Leo hakuna. Mitungi nimeiharibu mimi. Chumvi ilikuwa ndogo, ikaoza, nimeimwaga. Mnisamehe."

Watu wakaguna. "Shefu, umri huo!" fundi akapaza sauti. "Hata chumvi imekushinda? Au siku hizi unapika umelewa?" Wakacheka, naye akasimama pale akakipokea kicheko chote kichwani. Mtu anayerudisha supu jikoni kwa sababu haina moto wa kutosha! Nilitaka kumrushia fundi chupa.

Mama alikuwa nyuma yangu, dirishani pa kupitishia sahani. "Mitungi gani anayosema?" akaniuliza.

Nikanyamaza. Mimi, kunyamaza! Mama alinitazama, akajua.

Akapita mlangoni na mikono yake myekundu, akasimama kando ya wifi. "Wewe mshona suruali, funga mdomo," akasema. "Mitungi nimemwaga mimi. Nilidhani chakula kimeharibika, sikuuliza mtu. Huyu analijua hilo tangu asubuhi, na siku nzima ameniita mama."

Fundi akavua kofia.

Mama akavuta kiti cha meza ya katikati, mbele ya watu wote, akakaa. "Nipakulie," akamwambia wifi.

Wifi akaleta bakuli la kimchi mbichi. Mama akala tonge la kwanza, pilipili ikampalia, akakohoa mpaka tukamkimbilia na maji. Akayasukuma maji pembeni, akaendelea kula. Alipomaliza aliufuta mdomo, akamtazama wifi machoni.

"Kesho tunajaza mitungi," akasema. "Unifundishe kujua kilichoiva na kilichooza. Mimi na uzee wangu huu sijui."

Wifi akapiga magoti palepale, akamlalia mapajani, akalia kwa sauti. Mama akampapasa kichwani, na pilipili ikabaki kwenye kitambaa cheupe alichojifunga wifi.