Mita Sitini Hazitoshi

Kwa miaka kumi na tisa, dada mtu alipima kina cha mto kila asubuhi na kukiandika daftarini. Mdogo wake, mwanasheria wa wizara ya maji, hakuwahi kulowa hata viatu. Lakini mafuriko yaliposomba mtaa mzima, mdogo ndiye aliyepewa kazi ya kuandika sera mpya, na mama yao akawa haachi kumtaja.

Siku ya kikao cha kupitisha sera hiyo, dada alikaa kiti cha nyuma, kijicho kikimchoma. Mdogo wake alisoma kwa sauti tamu: ni marufuku kujenga nyumba ndani ya mita sitini kutoka mtoni. Wakubwa wakaitikia kwa vichwa.

Dada alijua maji yalifika mita tisini. Alipima mwenyewe kwa kamba, matope yakimfika magotini, akaandika daftarini. Akinyamaza, mvua zijazo zitamuumbua huyo kipenzi cha mama. Na kweli alinyamaza, mpaka katibu alipoanza kufunga faili. Hapo akawafikiria watu waliojenga kwenye mita ya sabini, akasimama.

"Sitini hazitoshi. Andikeni mia."

Akawafungulia daftari. Sera ikabadilishwa palepale.

Waziri akamgeukia mdogo mtu. "Umefanya vizuri kutuletea mtaalamu."

"Ni dada yangu huyu," akajibu kwa fahari. "Mambo yote ya maji kanifundisha yeye."

Dada alitabasamu kwa shida. Hata kwa wema, alijiambia, huyu mtoto lazima anishinde.