Mtani Wangu Diwani Badru

Mimi sina adabu, nikubali mapema kabla hujaambiwa na wengine. Uliza Ifakara nzima, kuanzia sokoni mpaka Katindiuka, watakwambia Wilhelmina muuza mchele ana mdomo. Ni kweli kabisa. Lakini kwenye misiba mdomo huo ndio kazi yangu. Sisi watani tuna ruhusa ambayo hata polisi hana: kumsema tajiri mbele ya maiti, kumvua mtu mzima viatu, kumchokoza mfiwa mpaka acheke na machozi bado yanamtoka. Na anayetaniwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, utani umekufa. Na mimi nikimwomba radhi, utani umekufa vilevile, kwa sababu kati ya watani hakuna kosa. Kama hakuna kosa, mtu anaombwa msamaha wa nini?

Basi mtani wangu alikuwa Mhindi. Usicheke! Badrudin Merali, mwenye mashine ya kukoboa mpunga njia ya kwenda stesheni. Alizaliwa chumba cha nyuma ya duka la baba yake hapa hapa Ifakara, akacheza na sisi kwenye majaruba, na Kipogoro chake ukikisikia gizani ungesema ni mjomba wako anaita. Baba yake alipofariki mwaka sabini na nne, mama yangu mzazi alikwenda akaketi mlangoni pa duka, miguu ameinyoosha, akasema maiti haitoki mpaka aletewe kopo zima la pipi. Wahindi waliotoka Morogoro kuja kuzika wakatoa macho. Badru akaingia ndani, akaleta kopo, akalimwaga lote kwenye mapaja ya mama huku analia na kucheka. Mama akasimama, akatangaza kwamba kuanzia siku ile nyumba ya Merali ni watani wetu, wao na vizazi vyao. Hivyo ndivyo nilivyompata.

Nilimwita mwizi wa mizani. Yeye aliniita mchawi. Tulipokutana sokoni shughuli zilisimama, watu wanaacha kupima mchele wasikie leo nani kamshinda mwenzake.

Siasa ilimjia taratibu. Kwanza walimpa ubalozi wa nyumba kumi, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri na alikuwa na taa ya karabai ya kufanyia mikutano. Halafu akaingia kamati ya tawi. Mwaka themanini na nane akawa diwani wa kata yetu, na mimi nikapita mitaani natangaza kwamba kata imeuzwa, tena kwa bei ya chumvi. Alifurahi sana siku ile, akaniletea kanga.

Lakini kilichompa jina ni ile njia ya ng'ombe. Mwaka tisini Wasukuma na ng'ombe zao walikuwa wameshajaa bondeni, mpunga wetu unaliwa ukiwa mbichi, na siku moja watu wakatoka na mapanga. Kaka yangu Anselim alikatwa mkono wa kulia juu ya kiwiko. Msukuma mmoja alikufa, kijana mdogo tu, na mama yake anaitwa Minza, yupo mpaka leo, ananunua mchele kwangu. Viongozi wetu wengine wote walikuwa na upande. Badru hakuwa Mpogoro wala Mndamba wala Msukuma, na kwa mara ya kwanza jambo hilo likawa na faida. Alitembea na pande zote mbili siku nane, kwa miguu, kwenye matope, akaweka vigingi: ng'ombe zipite hapa kwenda mtoni, zisipite pale. Njia ile ilishika. Hapakuwa na panga tena.

Sasa mwaka tisini na nne vyama vimekuwa vingi na uchaguzi wa madiwani umekaribia. Ndani ya chama chake mwenyewe akatokea mtu wa kumpinga, Elineema, zamani karani kule kwenye mashamba ya miwa. Elineema aliahidi kitu kimoja tu: nikishinda, vigingi vinang'olewa na Wasukuma wanarudi kwao. Yeye mwenyewe alishuka kwenye treni na begi lake mwaka themanini na sita, anatoka Upare huko! Nilimwuliza sokoni na yeye anarudi lini kwao, akanuna.

Watu walimsikiliza, lakini. Mimi nilijua kabisa Elineema akipita, damu itamwagika tena, na safari hii haitaishia kwenye mkono wa mtu mmoja.

Agosti akafariki mzee Melkiori wa Katindiuka. Badru akaja msibani na gunia la mchele. Nikamvamia kama kawaida. Nikamvua viatu, nikamfunga kitenge kiunoni, nikachomoa kijidaftari cha mashine kutoka mfuko wa shati lake, nikapanda juu ya kinu. Nikaanza kuhutubia kwa sauti yake, ile ya puani. "Ndugu wananchi! Nichagueni tena! Nikishashinda nauza mashine, nauza kata, nauza na mito yenu, napanda ndege namfuata mke wangu Kanada! Pasi yangu ya Kanada hii hapa!" Nikapunga kile kijidaftari.

Loo, watu walianguka. Mjane wa Melkiori alicheka mpaka wakamshika. Mzee Eustaki, mwenyekiti wa chama, alikuwa ameshika mbavu. Badru mwenyewe alicheka, akatoa faini ya kuku wawili nimrudishie viatu.

Nikwambie ukweli, nilijua nimegusa kidonda. Mke wake Gulzar aliondoka na watoto mwaka themanini na tisa, wakaenda Toronto, na kila mara anamwandikia amfuate. Nilimwuliza siku moja, kwa dhati, mbona huendi? Akanijibu, "Wilhelmina, kule nitatukanwa na nani?" Nilikwenda nyumbani nikalia, mimi ambaye silii ovyo.

Wiki mbili baada ya msiba, naitwa ofisi ya chama. Mezani yuko Eustaki, wako wajumbe wanne, na yuko kijana mmoja wa wilayani anaitwa Festo, shati jeupe, faili mbele yake. Badru amekaa pembeni kwenye benchi. Elineema naye yupo, hanitazami.

Festo akasoma barua. Inasema Badrudin Merali si mwenzetu, ana pasi ya nchi ya kigeni, na pasi hiyo imeonekana hadharani mikononi mwa Wilhelmina, mbele ya umati wa waombolezaji.

Nikacheka. Nilidhani tunacheka wote.

"Mama, ulisema maneno haya au hukusema?" Festo akauliza.

"Nilisema. Ni utani, baba. Lile lilikuwa daftari la mashine."

"Utani na Mhindi? Kabila lako lina utani na Wahindi tangu lini?"

"Tangu mama yangu alipokula pipi zao! Muulize mzee Eustaki, alikuwepo, alicheka mpaka akakohoa!"

Eustaki akainama, akaanza kukwangua kitu mezani kwa ukucha. Mzee mzima! Nilimwita jina mara mbili, hakuinua kichwa. Baadaye nilisikia Elineema alikuwa amemtishia kwamba akimtetea Mhindi, watu watahamia chama kingine na yeye atabaki na viti vitupu.

Festo hakuwa mtu mbaya, nimseme kwa haki. Alieleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa namna ya kunywa dawa. Majina yanatakiwa wilayani Ijumaa. Kuuliza Dar es Salaam kama mtu ana pasi au hana ni kazi ya mwezi mzima. Kwa hiyo ama jina la Merali linaondolewa, ama shahidi anaandika kwamba alisema uongo.

"Nitaandika kwamba ni utani," nikasema.

"Kamati ya wilaya haitaelewa utani. Wao wanataka kujua ni kweli au ni uongo. Na kama ni uongo, watauliza ulisema kwa sababu gani." Akasukuma karatasi iliyokwisha kuandikwa, inayosema: "Mimi Wilhelmina nakiri kuwa nilimsingizia ndugu Badrudin Merali kwa chuki binafsi."

Chuki! Nilisimama, nikawatukana wote, nikaanzia na Elineema nikamalizia na paa la ofisi lililokuwa linavuja. Halafu nikamgeukia Badru. Alikuwa anafuta miwani.

"Wewe mwizi wa mizani, sema kitu. Niandike?"

Akaendelea kufuta.

"Badru, nikiandika hivi, mimi si mtani wako tena. Unajua."

Alivaa miwani. Alinitazama, nami nikamwona jinsi anavyokitaka kile kiti, anakitaka mpaka midomo imemkauka. Akainuka kwenye benchi, akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akaifungua kifuniko yeye mwenyewe, akaiweka juu ya karatasi mbele yangu.

Nikafikiria mkono wa Anselim, nikafikiria na yule mtoto wa Minza. Nikasaini.

Nje alinikimbilia. "Wilhelmina, uchaguzi ukiisha tutacheka."

"Toka hapa, mwizi mkubwa," nikamwambia. Akajaribu kutabasamu, hakuweza.

Nilidhani karatasi itakaa kwenye faili. Mjinga mimi! Wilaya ilimpitisha Badru, ikamwacha Elineema, na kampeni zilipoanza, pikapu ya chama ilipita kila kitongoji na spika juu, inasoma jina langu. Wilhelmina alimsingizia mgombea wetu kwa chuki. Asubuhi sokoni, jioni Katindiuka. Nilikwenda mashineni kumwambia awakataze. Alikuwa katikati ya wapambe, akanivuta pembeni, akasema, "Vumilia, Elineema bado ana watu wengi, nifanyeje?" Nikavumilia. Kwenye msiba uliofuata nilimshika mtu shati, mtani wangu wa halali wa siku nyingi, akaniondoa mkono polepole. "Hapana, dada. Wewe tumesikia una chuki." Watu hawakucheka. Nilikwenda kukaa na waosha vyombo, nikaosha sufuria mpaka mwisho.

Badru akashinda. Nilimpigia kura mimi, ujue hivyo. Na njia ya ng'ombe ilibaki, vigingi vyake havikuguswa, na sijutii hilo hata kidogo.

Jumapili akafanya mkutano wa shukrani uwanja wa soko. Nilisimama nyuma kabisa. Akashukuru wazee, akashukuru vijana, kisha akasema kwenye kipaza sauti, "Wilhelmina yupo? Apite mbele."

Nikasema, enhe, ndipo hapa! Sasa ananitukana mbele ya kata nzima, ananiita mchawi kwenye spika, na mimi namjibu, na watu wote wanaelewa kwamba ile karatasi ilikuwa takataka. Nikakaza kanga. Nilikuwa na tusi tayari mdomoni, zuri kweli: umezoea kuiba mchele, leo umeiba na kura. Watu wakanipisha njia, nikafika mbele nacheka peke yangu.

Badru akaniwekea mkono begani, akawageukia watu.

"Ndugu wananchi, mama huyu mnamfahamu. Alinikosea sana. Lakini kiongozi hawezi kuweka kinyongo na mwananchi wake. Mama Wilhelmina, mbele ya wote hawa, nimekusamehe."

Makofi. Vigelegele. Wapambe wanaimba.

Miaka yote ile hajawahi kuniita mama. Alininyooshea mkono. Nikaupokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo kama tunavyofanya kwa wakubwa, na lile tusi nikalimeza.

"Asante, mheshimiwa," nikasema.

Ndipo nikaona uso wake unabadilika. Alifungua mdomo, akaniita, "Wilhelmina," kwa ile sauti yake ya siku zote, lakini kipaza sauti kilikuwa bado mkononi, jina langu likasikika uwanja mzima, na watu wakazidi kupiga makofi.