Alama Zilizovuliwa Uzito

Wanafunzi walimwita Shangazi Rejesta, na baada ya miaka ishirini na sita ya ukarani pale shuleni, hata mkuu wa shule alikuwa amelisahau jina lake la kweli. Siku anamkabidhi funguo za stoo ya kumbukumbu, alimtania: "Shangazi, ukipotelea humo tutakutafuta kwa tochi." Akacheka naye, akaingia.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Zamani shule ilikuwa na mkondo wa juu, kwa wale waliosoma hisabati, fizikia na kemia kwa kina. Ili wasionekane wamefeli kwa kubeba mzigo mkubwa kuliko wenzao, alama zao za masomo hayo matatu zilizidishwa kwa moja nukta mbili, ndipo wastani ukatafutwa. Aliyepata themanini aliandikiwa tisini na sita. Sasa vyuo vilikuwa vimekataa. Vilitaka asilimia tupu, isiyoongezwa kitu, hata kwa wahitimu wa zamani. Na mkuu wa shule, kwa kuwa kazi inafanyika tu, akataka na ubao wa mbao utundikwe ukumbini siku ya wazazi, umechongwa majina ya waliokuwa wa kwanza kila mwaka, kwa hesabu hiyo mpya.

Kwa hiyo kila siku saa nane mchana, Shangazi Rejesta alikaa kwenye kiti cha plastiki kati ya makabati mawili ya chuma, rejesta mapajani, kikokotoo kwenye goti. Alama ya mkondo wa juu aliigawa kwa moja nukta mbili ili irudi ilivyokuwa, ya kawaida akaiacha, akajumlisha, akagawa kwa masomo sita. Mwaka kwa mwaka. Alifurahia. Watu waliokuwa na tisini na kitu walishuka hadi themanini, akawa anawacheka peke yake: "Eh, daktari mzima, kumbe ulipanda ngazi!"

Siku ya tisa akaufikia mwaka wake mwenyewe.

Alijua utakuja. Katika ukurasa ule kulikuwa na jina lake, na mstari mmoja chini yake, jina la mdogo wake. Mdogo wake alirushwa darasa utotoni, ndiyo maana walimaliza pamoja. Alikuwa mwembamba, mwenye ulimi mkali, nyumbani wakimwita Sindano. Ni mwaka wa sita sasa tangu wamzike.

Wastani wa Shangazi Rejesta ulisomeka themanini na tano nukta nane. Wa Sindano, themanini na nne kamili. Kwa tofauti hiyo ndogo, nafasi moja ya chuo iliyotolewa kwa shule ikamwangukia dada mtu. Sindano akabaki, akaolewa, akauza katika duka la watu mpaka alipougua.

Alianza na zake. Tisini na sita ya hisabati ikawa themanini. Fizikia ikawa sabini na nane, kemia sabini na tano. Akaongeza zile tatu za kawaida, akagawa. Sabini na nane kamili. Akachukua kalamu, akaandika kwenye fomu: 87.

Nyuma yake pakagongwa. Mara mbili, taratibu, kama kifundo cha kidole juu ya mbao.

Katika stoo ile hapakuwa na kitu cha mbao. Na ugongaji huo aliujua. Tangu utotoni, Sindano alipoona dada yake amekosea hesabu, hakusema neno. Alisimama nyuma yake akagonga dawati mara mbili, akasubiri. Shangazi Rejesta hakugeuka. Alizisikia pumzi karibu na sikio, pumzi za mtu anayesoma juu ya bega la mwenzake. Akatazama alichokiandika. Hakujua kama ni mkono ulioteleza au ni moyo. Akafuta, akaandika 78.

Pumzi zikakoma.

Za Sindano hazikuhitaji kugawanywa kwa moja nukta mbili. Hakuwa wa mkondo wa juu. Zilijumlishwa tu: mia tano na nne, kwa sita, themanini na nne. Akarudia mara nne, kisha kwa kalamu, kama mtoto. Hesabu haikusogea.

Alipompelekea mkuu wa shule orodha, mkuu alivua miwani. "Mwaka huu si wako?"

"Ni wangu."

"Sasa Shangazi, kwa nini ujitoe mwenyewe? Acha ulivyokuwa. Nani atakaa kuhesabu?"

"Yupo anayehesabu," akasema, na sauti yake ikamtisha yeye mwenyewe. Mkuu alimtazama kidogo, akatia saini.

Kesho yake mchana alikwenda kwa binti wa Sindano, fundi simu mwenye kibanda karibu na kituo cha mafuta. Alimkuta ameinamia simu iliyofumuliwa, bisibisi mdomoni.

"Shikamoo mama mkubwa. Karibu, kaa hapo kwenye kreti."

Hakukaa. Alisema yote kwa mkupuo mmoja: alama, ubao, sabini na nane, themanini na nne. Binti akatoa bisibisi mdomoni.

"Mama alijua," akasema. "Alipiga hesabu siku ileile matokeo yalipobandikwa ukutani. Hata mimi alinifundishia asilimia kwa alama zenu. Nilikuwa darasa la tano."

Shangazi Rejesta akakaa kwenye kreti. "Hakuniambia."

"Alisema usiambiwe. Eti ukijua utakosa usingizi, na wewe unapenda kulala."

Wote wawili wakataka kucheka, kicheko hakikutoka.

"Na habari ya zamu alikuambia?" Shangazi Rejesta akauliza.

"Zamu gani?"

Hapo angeweza kunyamaza. Alipiga moyo konde, akasema. Mkondo wa juu ulisoma na mchana pia, na baba yao alikuwa mgonjwa wa kugeuzwa kitandani. Wote wawili walikuwa wamechaguliwa. Wakakubaliana kupokezana, wiki huyu abaki na baba, wiki yule. Muhula wa kwanza walipokezana. Wa pili ulipoanza, dada mtu alifunga mkoba asubuhi ya zamu yake, akasema mtihani umekaribia, hatarudi mchana, akaondoka. Wiki iliyofuata pia. Sindano akaenda mwenyewe kwa mwalimu, akaomba kutolewa kwenye mkondo, na hakulitaja jambo hilo tena.

Mteja akaja kuulizia simu yake, akahudumiwa, akaenda zake. "Mama mkubwa," binti akasema mwishowe, bila kumtazama, "leo nenda tu. Nitakupigia."

Hakupiga. Wiki tatu zikapita. Shangazi Rejesta alimaliza rejesta zote, akarudisha funguo, lakini usingizi ulimhama kweli. Alikonda hadi walimu wakamuuliza anaumwa nini.

Siku ya wazazi ubao ulikuwa umetundikwa, unanuka vanishi. Watu walikuwa wanasukumana kutafuta majina yao, wengine wananung'unika kwamba wameshushwa. Binti alitokea katikati yao amevaa gauni la kanisani. Alisoma jina la mama yake, akalisoma tena, kisha akamgeukia mama yake mkubwa. Hakumkumbatia, lakini alimwamkia.

"Nioneshe alikokuwa anakaa."

Wakapanda ngazi hadi darasa la mwisho. Lilikuwa tupu, jua limejaa madawati. Shangazi Rejesta akanyoosha kidole: safu ya pili, dirishani. Binti akaingia, akakaa, akaweka mikono juu ya dawati.

"Njoo basi," akaita.

Shangazi Rejesta alibaki mlangoni, ameshika fremu. Binti alikuwa amesogea pembeni kabisa mwa benchi, kama mtu ambaye kando yake tayari amekaa mwingine, na wala mwenyewe hakuwa na habari.