Hasi Kwanza

...hasi kwanza, halafu chanya, kila mwaka hivyohivyo, na Detlef keshapiga goti kwenye sakafu ya gereji, spana namba kumi imeishika nati barabara, kilichobaki ni kuizungusha, robo tu kushoto, na mkono hautaki, mkono wa mtu wa miaka sitini umegoma kama madereva wa treni, bila kutoa sababu, huku juu ya ngazi mkewe Annegret anaita, "Umeshatoa hiyo betri, au nikuletee mto ulale hukohuko?" naye anajibu, "Naitoa," na kweli kazi nyingine zote za kuilaza pikipiki majira ya baridi zimekwisha, tangi limejazwa pomoni lisishike kutu, oili mpya imo, matairi yameongezwa upepo, cheni imekula grisi, ekzosi imezibwa kwa tambara panya asije akahamia na ukoo wake mpaka Aprili, na kiti... kiti kimesuguliwa mafuta ya ngozi mara tatu, nani husugua kiti cha pikipiki mara tatu, moja yatosha, na zote tatu kwenye sehemu ya nyuma, anapokaa abiria, alipokaa baba mwezi wa nane, raundi ya bwawa, mzee wa miaka themanini na tano amemkumbatia mwanawe kiunoni kama mtoto, mikono imefungana juu ya zipu ya jaketi, na waliposimama kwenye kibanda cha soseji Detlef akaona suruali ya mzee imelowa mpaka magotini, na kiti kimelowa, na vijana watatu wa pikipiki wanatazama huku mayonezi ikiwadondoka, na yeye, badala ya kuvua jaketi amfunike baba yake, akapaza sauti, "Mzee, kiti hicho hakina bomba la kutolea maji!" wakacheka, hata baba akacheka, akasema, "Fundi wako alisahau," akakaa amebana miguu, mikono mapajani, akicheka peke yake wenzake walipokwisha kunyamaza... "Maua ya krizanthemu nimenunua mawili," Annegret anasema, "jeupe na lile la njano, kesho makaburini patajaa, sijui baba yako tumfuate saa ngapi," kesho ni sikukuu ya Watakatifu Wote, watampeleka mzee kwa gari kumwashia mama mshumaa, kwa gari, na blanketi magotini, na plastiki chini ya blanketi, "saa nne," Detlef anasema, au anadhani amesema, maana macho yapo kwenye kibao cha namba, kwenye zile namba mbili ndogo za pembeni, 04 juu, 10 chini, miezi inayoruhusiwa barabarani, Aprili mpaka Oktoba, baada ya hapo pikipiki hii mbele ya sheria ni chuma tu, haina bima, haina haki ya kuegeshwa hata mbele ya nyumba ya mwenyewe, na ni baba aliyemfundisha kuiheshimu sheria hiyo, baba Ewald, miaka thelathini na minane dirisha namba tatu, ofisi ya usajili wa magari, aliyemrudisha nyumbani mdogo wake wa tumbo moja kwa kuwa nakala yake ilikatwa ukingo, na siku mama alipompelekea chakula alichokisahau akamwambia, "Chukua namba, mama Detlef, ukae foleni kama raia," mama akachukua namba, arobaini na moja, akakaa na supu yake mapajani mpaka akaitwa, na kile kikaratasi kilikutwa kwenye kitabu chake cha sala alipofariki... mtu wa namna hiyo humdanganyi kwa mapenzi, humdanganyi kwa machozi, mtu wa namna hiyo unamdanganya kwa kanuni, na ndivyo alivyofanya Detlef, Jumapili mbili zilizopita, katika chumba cha nyumba ya wazee chenye harufu ya kabichi, baba aliposema, "Mwanangu, raundi moja tu kabla hujaifungia, bwawa tu, halafu sikusumbui tena," na yeye akajisikia akisema, kwa sauti ya dirisha namba tatu kabisa, "Haiwezekani, baba, kibao kimeisha tangu Septemba," na mzee akamtazama kidogo, akanyoosha kitambaa cha meza kama alivyokuwa akinyoosha mafaili, akasema, "Aa. Basi. Sheria ni sheria," na Detlef akashukuru moyoni kwamba uzee umeanza kula kumbukumbu, ndiyo, alishukuru, aliendesha gari mpaka nyumbani akipiga mluzi, ingawa muuguzi, Sista Danuta, alikwisha kumnong'oneza pale koridoni, "Bwana Detlef, nepi za wakubwa zipo, tukimvalisha vizuri hata akipanda farasi hakuna atakayejua, mpeleke tu, daktari anasema akiiona Pasaka tumshukuru Mungu," na Pasaka ni Aprili, na Aprili ni 04, ile iliyo juu... robo tu kushoto, Detlef, zungusha, betri iende kwenye rafu ya chini, kwenye chaja yake, ikalale, kila kiumbe nchi hii kina utaratibu wa kulala, hasi kwanza, hata juzi Jumapili wakati wa kuagana baba alimshika mkono wa sweta akamkumbusha, "Tarehe thelathini na moja usisahau betri, hasi kwanza," akamjibu, "Ndiyo, baba," kama anavyomjibu kila mwaka, miaka ishirini, tarehe thelathini na moja, hasi kwanza, thelathini na... ngoja... kama kibao kiliisha Septemba, betri ingekuwa nje ya pikipiki mwezi mzima sasa, kwa nini amwambie thelathini na moja, ngoja, ni nani aliyeichagua hiyo 10, ni baba mwenyewe, hapo juu jikoni, kalamu sikioni, Detlef alitaka kuandika tisa ili bima ipungue na baba akampiga kofi la mgongoni, "Weka kumi, mjinga wewe, Oktoba ina siku thelathini na moja, kwa nini uiachie serikali hata moja," akacheka mpaka akakohoa, halafu akakishika kibao na kukibandika stika kwa kidole gumba chake mwenyewe, kazi ya mwisho kabla ya kustaafu, alijua, mzee alijua, alikuwa anajua alipokuwa akinyoosha kile kitambaa, aliona uongo umeletwa dirishani kwake, hauna nakala, hauna saini, ukingo umekatwa, na yeye ambaye hakumpitishia ndugu yake, hakumpitishia mkewe, akaupigia muhuri, akaupitisha, ili mwanawe aende nyumbani akipiga mluzi... na juzi akampa tarehe, hakumsuta, alimpa tarehe tu, kama ofisa anavyompa mtu siku ya mwisho... na leo ndiyo tarehe, saa nane na nusu mchana, jua limeingia kwa dirisha dogo, jua la namna ambayo mji huu wa Meschede huipata mara mbili kwa mwaka na kuizungumzia miezi sita, limeiangukia helmeti ya baba pale msumarini, na vumbi lake, na spana ipo palepale juu ya nati, haijasogea hata unywele, na magoti yanauma, na tambara lipo kwenye ekzosi, "Detlef! Imetoka au haijatoka?" na kinywa kinataka kusema naitoa, kimezoea, "Bado," anasema, "leo bado ni Oktoba."