Pembe za Ndama wa Mama Bridget

Idah aliisikia harufu kabla hajafungua lango: nywele zilizoungua. Alikuwa ametoka Ruiru, ambako kila Jumamosi huuza mboga za kikundi chake cha wakulima, na miguu ilikuwa ikimwaka moto. Aliyatupa makreti matupu pale pale kwenye vumbi akaenda moja kwa moja zizini.

Ndama alikuwa amesimama pembeni, kichwa chini, anatetemeka. Asubuhi alikuwa na vinundu viwili vya pembe vikianza kuchomoza. Sasa palikuwa na madoa mawili meusi, ya duara, yamepuliziwa dawa ya zambarau. Mama yake, Ndune, ng'ombe mwekundu mwenye pembe zilizopinda kama usukani wa baiskeli, alikuwa akimlamba shingo.

Kivulini mwa nyumba wanaume wawili walikuwa wakinywa chai. Mmoja ni mumewe Waweru, ambaye usiku hulinda kiwanda mjini Thika na mchana hulala. Wa pili ni Gachau, mdogo wake Waweru, anayezunguka eneo zima la Gatuanyaga kwa pikipiki akitibu mifugo.

"Shemeji, karibu nyumbani!" Gachau alisema. "Nimekufanyia kazi safi, tena bure. Kazi yoyote ya boma hili ni bure."

"Nani alikuita?"

"Kwani mtu huitwa kwa kaka yake?"

"Gachau, nimekuuliza nani alikuita."

Gachau alimtazama kaka yake. Kaka yake aliitazama chai.

Idah aliyatazama tena yale madoa. Kikundi chake cha wanawake kumi na mmoja hulima bila dawa za dukani. Hushindilia samadi ndani ya pembe za ng'ombe jike waliokufa, huzifukia miezi kadhaa, kisha huukoroga udongo mweusi unaotokana nayo kwenye maji na kuunyunyizia mashamba. Mwalimu wao husema pembe ni kama sehemu ya tumbo la ng'ombe. Asiye nazo, hata samadi yake si ile. Habari ya tumbo Idah hakuwa na hakika nayo. Alichojua ni kwamba shamba lake, lililokuwa gumu kama lami, siku hizi linaingia jembe bila kubembelezwa. Na alijua alitia sahihi: ng'ombe wa kikundi hachomwi pembe.

Lakini si hilo lililomuuma zaidi. Ndune hakununuliwa. Idah alipewa na mwanamke aliyemtangulia kwenye orodha ya kikundi, kwa ahadi kwamba ndama jike wa kwanza atampitisha kwa anayefuata. Anayefuata ni Nakhumicha, Mama Bridget. Yule ndama alikuwa wake tangu siku alipozaliwa.

"Mmechoma ng'ombe wa watu," Idah alisema.

Waweru aliweka kikombe chini akapandisha mguu wa suruali. Pajani palikuwa na alama pana, rangi ya biringanya. "Ndune alinipiga pembe wiki jana nikimkamua. Nikaona huyu mdogo tumzuie mapema, asije akaua mtu."

"Na ulinyamaza wiki nzima?"

"Ungesema sijui kukamua."

Ni kweli angesema hivyo. Jambo hilo lilimwongezea hasira badala ya kuipunguza.

"Kwa hivyo mama amekupiga, wewe ukaenda kumchoma mtoto."

"Shemeji, hii ni kitu kidogo," Gachau aliingilia. "Sema tu alizaliwa kipara. Wako ng'ombe kama hao."

"Na hayo madoa niseme ni nini? Ubatizo?"

Hakungoja jibu. Alitoka vile vile, na kitambaa cha soko kichwani, akashuka barabarani hadi kwa Nakhumicha.

Nakhumicha alitoka Bungoma miaka tisa iliyopita kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya huku, na sasa amekodi ekari moja. Zizi lake alilijenga mwenyewe kwa mabanzi, na lilikuwa tayari tangu mwaka jana. Majani ya nepia, lishe ya ng'ombe, yalikuwa yamepita kiuno. Alipomwona Idah alitabasamu, kisha akamtazama vizuri akaacha kutabasamu.

"Amekufa?"

"Hajakufa. Waweru na mdogo wake wamemchoma pembe."

Nakhumicha alilitupia jicho zizi lake. "Ni hiyo tu? Mlete hivyo hivyo. Watoto wangu hawanywi pembe."

"Sheria huijui, Mama Bridget? Dorine wa ukaguzi anakuja Jumanne. Akikuta nimekupitishia ng'ombe aliyechomwa, kikundi chote kinanyimwa muhuri wa kilimo bila dawa. Tunarudi mwaka wa kwanza wa kuutafuta, sisi sote kumi na mmoja."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo... ungoje ndama mwingine."

Idah alijisikia akiyasema hayo na akaona aibu.

"Mwaka mwingine," Nakhumicha alisema polepole. "Na Ndune akizaa dume, mwingine tena. Mume wako ndiye amekosa, lakini mimi ndiye nikae na zizi tupu. Haya. Asante kwa kuniletea habari. Rudi nyumbani, Mama Maxine, kabla sijakutukana."

Idah alirudi akipanda ule mlima mdogo kwa hatua za mtu anayeponda kitu. Alimkasirikia Waweru, akamkasirikia Gachau na chuma chake cha moto, akamkasirikia na Nakhumicha kwa kusema kweli. Katikati ya njia alisimama akampigia simu Waruguru, mwenyekiti wao.

"Sheria inasema Mama Bridget apewe ng'ombe jike mwenye pembe. Inasema lazima awe mdogo?"

"Haisemi. Lakini Idah, jambo kama hilo halijawahi kufanywa."

"Inakatazwa?"

"Haikatazwi."

"Basi Jumanne mlete Dorine kwangu kwanza. Aone madoa, aandike kwamba huyu ndama ni wangu, si wa kikundi tena. Na jina langu liende mwisho wa orodha."

Alipoingia bomani hakusalimu mtu. Alichukua kamba akamfunga Ndune.

Waweru aliinuka. "Unampeleka wapi ng'ombe wa maziwa?"

"Kwa mwenyewe."

"Ngai! Na chai tutakunywa na nini?"

"Na maji. Utakunywa strungi isiyo na maziwa mpaka uote rangi yake."

"Mama Maxine, tulia kwanza. Hasira ni hasara."

"Hasara imeshaingia zizini, Waweru. Sasa ni zamu ya hasira."

Gachau alianza kusukuma pikipiki yake taratibu kuelekea lango.

"Wewe simama! Huyu ndama ana wiki tatu. Anataka maziwa ya mama yake asubuhi na jioni. Utayaleta wewe kutoka kwa Mama Bridget, kila siku, hadi aachishwe."

"Shemeji, mimi nina wateja wangu!"

"Si umesema kazi ya boma hili ni bure?"

Waweru alimtazama mkewe, akamtazama mdogo wake, kisha akaenda kufungua lango. Lilikuwa la kufunguliwa kwa mkono mmoja, lakini alilishika kwa mikono miwili hadi ng'ombe alipopita. Ndama alilia nyuma yao. Ndune aliitika mara mbili, akataka kugeuka, Idah akamvuta.

Nakhumicha alikuwa akikata nepia alipoona pembe zikipita juu ya ua. Alikuja na panga mkononi, akalisahau humo. Alimzunguka ng'ombe, akatazama kiwele, akatazama meno.

"Huyu ni Ndune."

"Ni wako. Ndama anabaki kwangu. Gachau atakuja kuchukua maziwa yake mawio na machweo, akichelewa, niambie."

Nakhumicha hakushukuru. Aliipokea kamba, akaikunja mara mbili kiganjani.

"Anapiga?"

"Anapiga. Usisimame kushoto kwake, na usimkamue ukiwa na hasira."

"Basi leo Bridget ndiye atakayemkamua," Nakhumicha alisema. "Mimi yangu bado haijaisha."

"Hata yangu," Idah alisema, akasukuma mlango wa zizi kwa goti ili ng'ombe aingie.