Mahali pa Kunipata

...mia moja na kumi na mbili, ndivyo mashine inavyosema, faili mia moja na kumi na mbili, wala sikujua kwamba ni nyingi hivyo, unakaa kwenye kibanda chako cha kuchapa hapa Gatina miaka mitatu, unaandikia watu barua za kazi na CV, mmoja mmoja, huhesabu, halafu mchana mmoja wa Januari mtoto wa mwenye ploti, hizi nyumba za kupanga, anaingia, anaketi kwenye benchi la wateja, anaomba kwa adabu kabisa nimtolee kwenye karatasi wote niliowahi kuwaandikia, jina, kwao ni wapi, na hapa mtaani wanakaa ploti gani, "Ni mambo ya security tu, anti," na mimi nikasema sawa, nikasema sawa kabla sijafikiri, kwa sababu ni Kinyanjui, kijana ambaye CV yake ya kwanza niliichapa mimi, ya kusaidia wapima ardhi, akapata kazi akaniletea soda mbili baridi, na kwa sababu kibanda hiki ni cha baba yake, na kwa sababu naogopa, hilo nalo niliseme, naogopa mpaka vidole vimepoa kwenye kibodi... taa ya printa inawaka na kuzima, nimemwambia inapata moto, ameamini, sasa anasoma ubao wangu, laiti asingeusoma, naona haya na ubao ule, kila Ijumaa nilikuwa nanunua gazeti, nakata matangazo ya kazi, nayabandika pale kwa miji, Naivasha maua, Eldoret viwanda vya nguo na ujenzi, Kisumu maduka makubwa, Mombasa hoteli, na juu yake nimeandika kwa kalamu nyekundu KAZI ZINAZOKUA, watu wanasimama hapo na chai mkononi, wananiuliza, Mumbua, mji gani una kazi siku hizi, na mimi ambaye sijawahi kuishi kokote ila Kitui na hapa nilikuwa najibu bila kupepesa macho, nenda Naivasha, nenda Eldoret, kule mambo yanafunguka, nilijifanya waziri wa kazi, kumbe, Desemba ikaisha, kura zikatangazwa, na sasa miji ile ile ndiyo inayosomwa redioni kila saa, ila redio haisomi kazi, inasoma waliochomewa na waliouawa kwa kabila lao... "Anti, hii ya Naivasha ni ya lini?" ananiuliza bila kugeuka, namwambia ni ya kitambo, anasema aah.

Nabwire, mteja wangu, alirudi mbio kutoka Naivasha Jumatatu, amefukuzwa, nilikuwa nimempeleka mimi kwa mdomo wangu huu, alikuja hapa na mtoto mgongoni na mfuko mmoja wa nailoni, hakunilaumu, ingekuwa afadhali angenilaumu, aliketi hapo hapo alipoketi Kinyanjui akasema nimbadilishie CV kwa sababu amehama, halafu akaniuliza tena, "Sasa nijaribu town gani, dada?" na mimi nikamwambia tulia kwanza hapa Nairobi, hapa una watu, nikachapa pale chini anapokaa sasa, kwenye ule mstari wangu, ule ujanja wangu, Mungu nisamehe, hakuna kibanda kingine cha kuchapa chenye ule mstari, niliubuni mwenyewe baada ya kuona watu wanakosa kazi kwa sababu simu imezimika au iko dukani inachajiwa, na barabara zetu hazina majina, basi chini ya kila CV nikawa naandika Mahali pa Kunipata, halafu naeleza vizuri kabisa, ghorofa ya kijani nyuma ya kanisa la mabati, mlango wa nne, mkabala na mama wa maandazi, na kampuni moja ya ulinzi ikamtuma dereva akamfikia mteja wangu Naftaly mlangoni bila kuuliza mtu hata mmoja, nilijisifu wiki nzima, bila kuuliza mtu, niliambia kila mteja... bila kuuliza mtu, na juu yake jina lote, na kwao, Busia, Vihiga, Siaya, yaani kabila, tena nimeyapanga safi, mwenye karatasi hiyo hahitaji hata tochi.

Labda ni usalama kweli, labda baba yake anataka tu kujua wapangaji wake, lakini Musimbi, naye nilimwandikia CV, hakai kwenye ploti ya baba yake, Naftaly pia hakai, basi anawatakia nini, na si kwamba Kinyanjui ni mtu mbaya, dada yake Wagaki alikuwa na duka mtaa wa Laini Saba, kando ya reli, lilichomwa lote, sasa analala kwenye hema na watoto, amenieleza mwenyewe akiwa ameinama, akasema, "Walienda direct kwa mlango yake. Hawakugusa jirani," nami nikamsikitikia, bado namsikitikia, lakini walijuaje mlango, mtu aliwaambia, huko Laini Saba pia kuna mtu aliyekuwa ameketi mahali pake pa kazi, akaulizwa kwa adabu, akasema sawa... stima hupotea hapa kila siku saa nane, leo tunakwenda saa tisa na inawaka tu, siku moja ninayoihitaji ipotee.

"Nyinyi watu wa Kitui hatuna noma na nyinyi," anasema, ameketi tena, anatabasamu kidogo, na aibu yangu ni kwamba nilipumua, moyo ulishuka mahali pake, hata Nzuki ndugu yangu kule Kisumu aliniambia hivyo hivyo kwenye simu, dada, vita hivi si vyetu, sisi tunauza tu, mpaka mtu mmoja wa kabila letu alipopewa kiti kwenye serikali ambayo majirani zake wanaipinga, na jioni hiyo hiyo majirani wakaacha kumsalimia, na tangu juzi nikipiga naambiwa mteja hapatikani, kumbe kuwa mtu wa upande fulani ni jambo la mchana mmoja tu... faili nimezichagua zote, zimegeuka buluu, nikizitoa kwa karatasi zimetoka, nikizifuta zimekwenda, na vyeti vya Naftaly viliungua Eldoret, miaka yake sita ya kazi imebaki humu tu, Musimbi alitafuta mwaka mzima barua mbili za kumsifu kazini, nazo ziko humu, nitamwambia nini, nitamwambia nimefuta kazi yako nikulinde na mtu ambaye huenda hakuwa na neno na wewe, atanicheka, na acheke, awe hai anicheke... mashine inaniuliza kama nina hakika, sina, nabonyeza ndiyo, halafu naingia kwenye pipa la takataka na huko nako nafuta, inachukua muda, mstari mdogo unatambaa, nakohoa ili nisikie sauti yangu kama bado ipo.

"Anti, bado?"

"Bado. Ngoja kidogo," namwambia, na taa ya printa inaendelea kuwaka na kuzima, yeye ananyoosha miguu, ananitazama sasa, ubao amemalizana nao, na mimi nawajua wote, Nabwire ni mlango wa nne, Naftaly juu ya kinyozi, Musimbi ghorofa ya pili kando ya mfereji, niliwachapa kwa vidole hivi, sikuwahi kuhitaji mashine inikumbushe, na yeye si mjinga, akishaona karatasi haitoki atasogeza benchi karibu, aanze kuniuliza mimi, jina moja moja.